Bonde Haliokolewi kwa Operesheni

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, wanafunzi wa shule nyingi za Bonde la Kilombero hupangwa mistari, hupewa miche na kuamriwa kuchimba mashimo. Mgeni rasmi hupanda mche wa kwanza, hupigwa picha, hutoa hotuba, kisha huondoka. Hakuna anayetaka kukumbuka kwamba masika ya Ifakara huwa yamekwisha mwezi Mei. Mche unaotiwa ardhini mwezi Juni unapandwa kiangazini, katika udongo unaoanza kupasuka, na mtoto wa darasa la nne wa Michenga ambaye wazazi wake hulima mpunga anajua jambo hilo vizuri kuliko mgeni rasmi. Anajua, lakini haulizwi. Ifikapo Septemba mche umekwisha kuwa kijiti kikavu, na taarifa ya idadi ya miche iliyopandwa imekwisha kufika wilayani na kupelekwa mkoani.

Jambo hilo ni dogo, lakini ndani yake limo kosa lote. Mwananchi anahesabiwa kuwa mikono ya kufanyia kazi iliyokwisha kufikiriwa na wengine. Na siku kazi hiyo inapoharibika, anahesabiwa kuwa mharibifu. Katika maofisi mengi imejengeka kasumba kwamba mazingira ni mali ya Serikali, kwamba adui yake ni mwanakijiji, na kwamba dawa yake ni operesheni. Kasumba hiyo imelitia hasara bonde hili kwa miaka mingi, na haielekei kuondoka yenyewe.

Ukubwa wa kinachopotea haufai kudharauliwa. Mwaka 2002 Bonde la Kilombero, lenye hekta 796,735, liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Wakati huo ilielezwa kwamba karibu robo tatu ya sheshe wote duniani waliishi katika mbuga hizi. Yuko kwera wa Kilombero, ndege ambaye wanasayansi walimpa jina lake mwaka 1990 kwa kumkumbuka Eric Burnier, daktari aliyefanya kazi Ifakara; hana kwao kwingine isipokuwa matete ya bonde hili. Leo sheshe wamepungua mno. Mahali walipokuwa wakilisha kwa makundi pamekuwa mashamba na malisho, na vijana wengi wa Ifakara hawajapata kumwona mnyama huyo kwa macho.

Tena bonde hili halijilishi lenyewe tu. Mto Kilombero unakutana na Luwegu penye maporomoko ya Shuguli, na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Inakadiriwa kwamba asilimia 62 ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Maana yake ni kwamba mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, iliyosanifiwa kutoa megawati 2,115, inategemea zaidi vijito vinavyoshuka Udzungwa na Mahenge kuliko inavyotegemea kitu kingine chochote. Na chini ya bwawa hilo iko delta, yenye mikoko inayozidi hekta 50,000, msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote wa pwani ya Afrika Mashariki. Na mbele ya delta kipo kisiwa cha Mafia. Anayekata matete Michenga na anayetega kamba Mafia wanakula katika sinia moja, ingawa hawajapata kuonana.

Sasa na iulizwe: kwa muda wote huo, bonde hili limelindwa kwa njia gani?

Mwaka 1952, wakati wa Mwingereza, liliwekewa mpaka na kuitwa Eneo Tengefu. Aliyepiga mstari ule kwenye ramani hakuwa na haja ya kujua Mndamba anavua wapi wakati wa mafuriko na anahamia wapi maji yakipungua. Uhuru ulipatikana, lakini mstari ulibaki, na pamoja nao ikabaki namna ile ile ya kuuona: huku wanyama, kule watu, na katikati askari. Vijiji vikakua, mashamba yakasogea, wafugaji wakaingia na makundi yao. Baadhi yao walikuwa wale wale waliofukuzwa Usangu mwaka 2006 kwa sababu ya kuokoa mto mwingine. Operesheni ya bonde moja ikageuka kuwa balaa la bonde jingine. Mwishoni mwa mwaka 2012 ikafika zamu ya Kilombero: mifugo ikaswagwa, mazizi yakabomolewa, wakulima waliokuwa ndani ya mpaka nao wakakumbwa. Mwaka 2023 sehemu ya eneo hilo ikapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, na mabishano ya mpaka yakaanza upya katika vijiji vilivyodhani yamekwisha.

Mtetezi wa operesheni atasema kwamba bila nguvu bonde lingekuwa limekwisha. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli na haifai kupuuzwa. Mwenye ng'ombe elfu anayeingia mbugani usiku hazuiliki kwa wimbo. Lakini operesheni ina tabia mbili ambazo watetezi wake hawazisemi. Ya kwanza ni kwamba hufika, hushika na kuondoka, mwanakijiji hubaki. Siku askari anapopanda gari, ulinzi wa mto unabaki mikononi mwa mtu yule yule aliyetoka kutukanwa na kutozwa faini. Tabia ya pili ni mbaya zaidi. Operesheni hushika wadogo. Mwenye dungu na eka mbili za mpunga hana pa kukimbilia, hukamatwa asubuhi na mapema. Mwenye makundi makubwa hupata habari siku tatu kabla, na ng'ombe wake huonekana wakitembea barabarani kwa utulivu kuelekea kwingine. Wananchi huulizana ng'ombe hao ni wa nani. Huulizana kwa sauti ya chini, kwa sababu majina yanayotajwa huwa ya watu wenye meza.

Kando ya mbuga upo mfano mwingine. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi akina mama wa vijiji vya chini ya mlima waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Ruhusa hiyo ilikuwa mkataba wa ujirani, hata kama haukuandikwa kwa wino wa dhahabu: mama anayeokota kuni ndani ya msitu ana sababu ya kumtaja anayeingia na msumeno. Mwaka 2011 ruhusa ikaondolewa. Sababu za kitaalamu zilikuwapo, na huenda zilikuwa nzuri. Lakini tangu siku hiyo msitu ulipoteza maelfu ya macho yasiyolipwa mshahara, na hakuna bajeti ya askari inayoweza kuyarudisha.

Katika milima hiyo hiyo, penye korongo la Kihansi, ulijengwa mtambo wa umeme wa megawati 180. Maji yalipogeuzwa njia, chura mdogo aliyekuwa akiishi katika manyunyu ya maporomoko, na ambaye aligunduliwa mwaka 1996 tu, akaanza kwisha. Vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani mwaka 2000 wakatunzwe, mabomba ya kunyunyiza maji yakatandazwa korongoni, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kwamba ametoweka porini. Mwaka 2012 wazao wa wale waliosafirishwa wakaanza kurudishwa. Hakuna ubaya kumwokoa chura. Ila fedha na ndege na mvua ya kutengeneza vilipatikana bila shida kubwa, wakati fedha ya kumpeleka bwana shamba akakae mwezi mmodi kijijini, akisikiliza, hukosekana kila mwaka.

Iko njia nyingine, na haikubuniwa katika semina. Imekwisha kujaribiwa chini ya mto huu huu na katika visiwa vya pwani.

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni moja ya uvuvi iliomba ardhi katika delta ya Rufiji ichimbe mabwawa ya kufugia kamba, yenye eneo la takriban hekta 10,000. Ulisemwa kuwa mradi mkubwa kuliko wote wa aina hiyo duniani. Vijiji vya delta ya kaskazini, ambavyo kwa kweli ni visiwa vilivyozungukwa na mikono ya mto na mikoko, ndivyo vingehamishwa. Baraza la Taifa la mazingira lilishauri mradi usikubaliwe. Hata hivyo, mwaka 1997 ulikubaliwa, pamoja na masharti. Hapo ndipo wakazi wa delta, wavuvi na wakulima ambao katika taarifa za maofisini walikuwa wakiitwa wakata mikoko, walipofanya jambo ambalo wataalamu hawakulitegemea. Walikutana, walichanga, walisafiri kwenda Dar es Salaam, walizungumza na waandishi wa habari za mazingira na wanasheria, na wakafungua kesi Mahakama Kuu. Si wote waliokuwa upande mmoja. Wapo walioahidiwa ajira wakautaka mradi, na vijiji viligawanyika. Lakini mabwawa yale hayakuchimbwa. Mikoko ambayo ingekuwa imegeuzwa matope ya chumvi bado imesimama kwa sababu watu hao walikataa kuondoka.

Je, watu wa delta ni malaika? Hata kidogo. Mikoko ya kaskazini inakatwa mpaka leo ili kupanda mpunga, na wanaokata ni wakazi wenyewe. Wanaodhani kwamba mwanakijiji akiachiwa atalinda kila kitu bila kukosea hawajapata kuishi kijijini. Suala ni nani anayeweza kumwambia mkataji aache, naye akaacha. Anayeweza ni jirani yake katika mkutano wa kijiji. Mgeni mwenye bunduki atamfanya akate usiku.

Visiwani mambo yanafanana. Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, kisicho na wakazi wa kudumu, na wavuvi wa Pemba hupiga dago huko. Wazee husimulia kwamba Nabii Hadhar alikosa mkeka wa kusalia, akasema kisiwa hicho ndicho kitakuwa msala wake, na jina likatokea hapo. Miaka ya 1990 yalipozuka mawazo ya kukikodisha kisiwa hicho kwa ajili ya watalii, wavuvi walipinga. Mwaka 1998 kikawa eneo la hifadhi ambalo wavuvi wenyewe walikuwa na sauti ndani yake. Sehemu ikafungwa isivuliwe, kubwa ikaachwa wazi, na mafundisho ya dini kuhusu amana ya viumbe yakahubiriwa misikitini pamoja na kanuni za uvuvi. Mvuvi asiyejali ilani ya idara anajali maneno ya imamu wake. Jambo hilo ni rahisi sana, na pengine ndiyo maana lilichukua miaka mingi kugunduliwa na wasomi.

Mafia inafundisha upande wa pili. Wakazi wake walisumbuliwa na wavuvi wa baruti waliotoka nje ya kisiwa, waliopasua matumbawe mchana kweupe, na wengi wao walipoelezwa habari za hifadhi ya bahari waliiunga mkono wakiamini kwamba itawafukuza wapiga baruti. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ikiwa na kilometa za mraba 822. Baruti ilipungua. Kisha masharti ya zana na ya maeneo yakawageukia wakazi wenyewe. Kisiwa cha Jibondo, ambacho ni mwamba wa matumbawe usiolimika, na ambacho watu wake huishi kwa bahari peke yake, kiligoma kushirikiana na hifadhi kwa miaka mingi. Walioitwa wakaidi wa Jibondo walikuwa na swali moja ambalo halikupata jibu zuri: mtu aliyeomba msaada dhidi ya mwizi, kwa nini afungwe yeye? Hifadhi ile ile, bahari ile ile, sheria ile ile. Tofauti iko katika nani aliyeketi mezani wakati masharti yakiandikwa. Kwa hiyo Jibondo haiwezi kutumiwa kuthibitisha kwamba watu wa kawaida hawapendi hifadhi.

Turudishe mambo Michenga na vijiji vyote vinavyouzunguka mji wa Ifakara. Kuna mtumishi atakayesema kwamba mifano ya pwani haihusu bara, na kwamba vijiji vya bonde vimechanganyika mno: Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wasukuma, Wamasai, waliokuja na reli ya TAZARA na waliokuja na miwa. Kweli vimechanganyika. Lakini hata katika bonde hili, karibu na Mang'ula, wakulima wa vijiji vya Mang'ula A, Sole na Kanyenja wamekubali kuachia ardhi ili tembo wapate njia ya kupita kati ya Udzungwa na mbuga za Nyerere. Mkulima kumwachia tembo shamba! Haikuwezekana kwa amri. Iliwezekana kwa vikao vingi, kwa fidia na kwa subira. Operesheni haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Sheria haimzuii mtumishi kufuata njia hiyo. Yeye ndiye anayeiacha. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri hiyo na mkutano mkuu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 za kingo za mto, na inataka ziwepo kamati za mazingira mpaka kijijini. Waulizwe wanavijiji ni wangapi wamepata kusomewa sheria hiyo. Meta 60 wanazisikia siku mahindi yao yanapofyekwa. Sheria ndogo zilizotungwa na vijiji kwa jasho, zikapelekwa wilayani kuidhinishwa, zimo katika majalada. Kijiji kinangoja, mwaka unapita, mwenyekiti aliyezisimamia anaondoka madarakani, na mwingine anaanza upya. Kijiji kisicho na sheria ndogo iliyoidhinishwa hakiwezi kumtoza faini mwenye ng'ombe elfu. Kinaweza kumtazama tu. Kisha mwaka unaofuata kinatajwa katika taarifa kwamba kimeshindwa kulinda chanzo cha maji.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye kiburi na kutaka watu washirikishwe katika kuamua mambo yao. Zaidi ya nusu karne imepita. Neno ushirikishwaji limeingia katika kila andiko la mradi, lakini maana yake imepunguzwa mpaka ikawa kusaini karatasi ya mahudhurio na kupewa soda.

Walimu nao wana fungu lao la lawama, na si dogo. Mwalimu wa bonde anafundisha habari za kumomonyoka kwa udongo kwa kutumia picha ya nchi nyingine iliyo kitabuni, wakati Mto Lumemo unamega ardhi karibu na shule. Anawafundisha watoto kwamba moto huharibu mbuga, lakini hajapata kumwita mzee wa Kindamba aeleze tofauti ya moto wa mapema, unaochomwa nyasi zikiwa bado na unyevu, na moto wa Oktoba unaoua mpaka mizizi. Hajawauliza watoto perege na kambale huzaliana wapi mafuriko yanapofika, ingawa nusu ya darasa wangemjibu. Shule ya kijiji ndiyo nyumba pekee ya umma iliyo wazi kila siku, yenye mtu anayejua kusoma sheria na ubao wa kuandikia. Ikiwa mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu, hausomewi sheria na mwalimu, utasomewa na nani?

Masika ya mwaka 2024 maji yaliingia Ifakara na katika vijiji vya Mlimba, na kule chini yakafunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Watu wa chini walilaumu bwawa, wa juu wakalaumu mvua, na maofisini wakalaumiwa wakulima wa kando ya mito. Hakuna kikao kilichowakalisha pamoja mkulima wa Michenga, mvuvi wa delta na mhandisi wa bwawa, ingawa maji ni yale yale. Rufiji imewahi kuonja suluhisho la upande mmoja: baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwaondoa watu mabondeni na kuwapeleka miinukoni, salama na maji, mbali na mashamba yao. Waliendelea kushuka kulima kwa sababu mpunga haukuhamia nao.

Misimu ya mvua hutangazwa mapema. Iwapo safari hii halmashauri zitataka kupanda miti, zipande mwezi Desemba au Januari, udongo ukiwa umelowa, na aina ya miti na mahali pa kupanda paamuliwe na mkutano wa kijiji. Majalada ya sheria ndogo yatolewe makabatini kabla ya hapo, yaidhinishwe au yarudishwe vijijini na sababu iliyoandikwa. Na kila faini itakayotozwa mbugani ibandikwe kwenye ubao wa shule ya kijiji, pamoja na jina la mwenye ng'ombe.